Mkeka wa Vyumba Mia

Shule niliachishwa darasa la tatu, baba alipoona mikono yangu inafaa kusuka ukili kuliko kushika kalamu. Sijamsamehe, na kaburi lake nalipalilia mie. Lakini kuhesabu najua. Anayesuka bila kuhesabu anatoa mkeka umepinda kama miguu ya bata.

Mjukuu wangu ninayemlea hapa Gongo la Mboto hakuamini. Nikimchungulia daftari, alikuwa ananiambia, "Bibi, hizi huziwezi, ngoja nikamuulize mwalimu." Kwa hiyo mwalimu wake wa hisabati alipotuita wazazi tupambe darasa la pili, kuna wageni wanakuja, nikaona siku yangu imefika. Nilitaka aone ukutani, mbele ya wenzake, kwamba bibi yake anaweza.

Nilisuka wiki tatu. Mkeka wa vyumba mia moja, kumi kwenda chini, kumi kwenda pembeni, chekundu na cheupe kwa zamu, na safu ya makumi zambarau tupu. Mwalimu angebandika namba zake humo. Vidole vilinipasuka.

Siku ya kupamba, wenzangu walikuja na maputo, maua ya plastiki na mabango ya namba ya Kariakoo. Mama mmoja kijana, kucha ndefu kama za mwewe, akaupapasa mkeka wangu.

"Shikamoo bibi. Huu wa kuswalia?"

"Marahaba. Wa kuhesabia."

"Mh. Watoto wa siku hizi, bibi, wanataka vinavyong'aa."

"Bango lako linang'aa kweli. Nane iko wapi?"

Akaliangalia. Saba, halafu tisa, halafu tisa tena. Wenzake wakacheka. Akalibandika hivyo hivyo.

Mwalimu alikuwa ameitwa ofisini. Nikausimamisha mkeka pembeni ukiwa umekunjwa, nikamwambia mjukuu wangu, "Akirudi, mwambie ni wa bibi, na unatundikwa."

Kesho yake nikavaa doti mpya nikaenda. Nikasimama dirishani na wazazi wengine. Ukutani palikuwa na maputo na lile bango lenye tisa mbili. Mkeka wangu ulikuwa chini, mbele ya ubao, na juu yake viti vya wageni na viatu vyao. Ningemlaumu nani? Hata mie nimelelewa hivyo, mgeni anatandikiwa mkeka mpya.

Mgeni mmoja, mama mtu mzima, akainama akaushika. "Mzuri huu. Kausuka nani?"

Mwalimu akawatazama watoto. Mjukuu wangu alikuwa dawati la mbele. Akaniona dirishani, halafu akainamia daftari lake.

"Tumenunua," akasema mwalimu mkuu, aliyekaa na wageni.

Mdomo wangu unajulikana mtaa mzima, na siku ile nilinyamaza. Ningesema, ningemuumbua mwalimu mkuu mbele ya wageni wake, na mtoto ningemwacha mikononi mwake. Wageni walipoondoka niliingia, nikaukung'uta, nikaukunja, nikaubeba kichwani.

Nyumbani nikamuuliza mjukuu wangu kwa nini hakusema.

"Walikuwa wanaukanyaga, bibi. Ningesema ni wako wangenicheka."

"Na jana, kabla haujakanyagwa?"

Akakwangua ukuta kwa kidole. "Mwalimu aliuliza wa nani. Nikasema sijui. Wenzangu wote vyao vya dukani."

Sikumpiga. Ningempiga ingekuwa nafuu kwangu na kwake.

Wiki iliyofuata mwalimu wa hisabati alikuja mwenyewe, habari zimemfikia. Akaniamkia, akakaa, akaomba radhi vizuri tu. Anautaka mkeka, autundike.

"Nitautoa," nikamwambia. "Lakini yupo anayejua ni wa nani. Siku atakaposimama darasani akasema, yeye mwenyewe aje aubebe."

Mtoto alikuwa mlangoni anasikia. Akaingia ndani, akafungulia bomba, akaosha vyombo ambavyo vilishaoshwa. Mwalimu akamaliza chai yake akaenda zake.

Mkeka uko juu ya kabati. Kisigino cha mgeni kimeacha doa kwenye chumba cha sabini na nne. Nimesugua kwa ndimu, nimesugua kwa jivu. Juzi mtoto alinikuta nasugua, akauliza ni chumba cha ngapi. Nikamwambia ahesabu mwenyewe. Hakuhesabu.