Mume Aliyepewa Kazi Kila Jioni

Adélaïde aliwahi kuniua mara mbili katika mwaka mmoja. Nazungumzia redio. Yeye ndiye mwandishi wa mchezo wa Jumamosi katika redio yetu ndogo hapa Kadutu, mjini Bukavu, nami siku hizo nilikuwa naigiza sauti ya tonton, mjomba tajiri. Kabla ya Pasaka alinipa sumu nikafa, na wasikilizaji wakalia. Mwezi wa nane tonton yuleyule akarudi katika karatasi, mzima kabisa, anagombania nyumba, kisha akaanguka kwenye ngazi na kufa upya. Christophe, mkuu wa redio, alizisoma karatasi hizo mbele yetu sote, akavua miwani.

“Maman Adélaïde, huyu muzee si tulisha kumuzika?”

Tulicheka sana, hata yeye mwenyewe alicheka. Lakini nilimwona akizikunja zile karatasi polepole, kama mtu anayekunja nguo za marehemu.

Adélaïde ni mtoto wa Cimpunda. Kule nyumba zimepandiana mlimani, paa la huyu liko kwenye miguu ya yule, na ukikohoa asubuhi jirani wa chini anakuambia pole. Mama yake alikuwa mshonaji, na baba alifariki mapema. Umeme ulipokatika, yeye kama mkubwa ndiye aliyewatuliza wadogo zake kwa hadithi. Alisomea ualimu, akawa mwalimu wa Kifaransa katika shule ya sekondari, na miaka ile ya kwanza ya redio yetu alikuja akiwa na mchezo mkononi bila kuitwa na mtu. Tangu hapo hakuacha. Watu wa soko la Kadutu walikuwa wakimwita kwa majina ya wahusika wake.

Kisha kisima cha hadithi kikakauka. Aliniambia baadaye kwamba hakujua hata ni siku gani. Alianza kuangalia filamu za mfululizo za nchi za mbali, akaazima humo nyumba zenye ngazi za marumaru, mapacha waliobadilishwa hospitalini, wanawake wanaotiliana sumu kwenye divai. “Nilikuwa naokota vitu mu nyumba za watu wenye siwajue,” alisema. Baada ya tonton kufa mara ya pili, alimwomba Christophe atafute mwandishi mwingine. Christophe alikataa. Alimwambia apumzike, sisi tutarudia michezo ya zamani.

Mapumziko yenyewe hayakuja kama alivyodhani. Simu ililia kutoka Katana. Emérence, mdogo wake, anayefundisha shule ya msingi huko, alikuwa ameteleza kwenye udongo baada ya mvua na kuvunjika mfupa wa paja, akalazwa hospitali ya huko. Kwetu mgonjwa halazwi peke yake. Lazima awe na garde-malade, mtu wa kumpikia, kumfulia, kumgeuza, na kulala chini kando ya kitanda chake. Ilikuwa likizo, na Adélaïde hana mume wala mtoto wa kumzuia. Alifunga sufuria, kitenge, unga na bunda la karatasi nyeupe, akaenda.

Alimkuta Emérence amening’inizwa mguu kwa kamba na uzito, amelala chali, amechoka kuangalia dari. Kitanda cha kulia alikuwako Mama Josué, muuza sambaza, vidagaa vya ziwani, mwenye mwili na sauti, aliyeungua mkono kwa mafuta. Kitanda cha kushoto, karibu na mlango, alikuwako Laurette, mkulima kijana aliyepasuliwa tumbo. Laurette alihudumiwa na wote, kwa maana hakuwa na mtu. Mume wake, Zagabe, alikuwa ameenda Kamituga kuchimba dhahabu.

Siku za kwanza Adélaïde alipika, alifua, akamwosha mdogo wake. Saa za kupumzika alikaa na karatasi zake magotini, akaziangalia, nazo zikamwangalia.

Jioni moja, wagonjwa wamekwisha kula, Laurette alisema kwa sauti ya kawaida, kama mtu anayetoa habari za sokoni:

“Leo bwana yangu amefika Mwenga. Pikipiki ilizama mu matope, banaivuta na kamba.”

“Na mbuzi je?” Mama Josué aliuliza.

“Mbuzi iko nyuma yake. Amemuvalisha koti, juu ya mvua.”

“Ah! Na yeye mwenyewe analowa?”

“Analowa. Anasema mbuzi njo ya kuleta kwa bamama ya hospitali, haifai isikie baridi.”

Adélaïde alifurahi kwa ajili yake. “Kumbe amepiga simu?”

Emérence alimfanyia dada yake ishara kwa macho, lakini ilikuwa imechelewa. Laurette mwenyewe hakukasirika, akamwita Yaya, dada mkubwa.

“Hapana, Yaya. Tangu mbele ya operesheni sina habari yake. Telefone yake haiite. Batu wengine wananiambia nizoee, kule mashimo inaangukaka.” Aliivuta shuka hadi kifuani. “Lakini mi nimeona hivi: kama namuacha bila kazi mu kichwa yangu, anakufa palepale. Njo maana kila mangaribi namupatia kitu ya kufanya. Juzi alilipa deni ya rafiki. Jana alinunua mbuzi. Leo iko mu matope. Mutu mwenye iko mu matope haiyakufa.”

Adélaïde aliniambia kwamba maneno hayo yalimwingia mwilini kama maji ya moto kwa mtu mwenye baridi. Hakulia. Alifanya kitu ambacho hakuwa amekifanya kwa muda mrefu: aliuliza.

“Iyo koti ya mbuzi iko rangi gani?”

Laurette akafikiri. “Bleu. Kifungo moja ilipotea.”

“Ilipotea namna gani?”

“Walipigana na mwenye kuuza mbuzi,” Mama Josué akadakia, “juu ya bei!”

“Hapana, mama, Zagabe hapiganake,” Laurette akasema. “Kifungo alimupatia mutoto ya mwenye kumupangisha nyumba, acheze nayo.”

Sasa wote walimwona Zagabe. Walimwona ameinama, anakata uzi kwa meno ili mtoto wa mwenye nyumba apate kitu cha kuchezea.

Tangu jioni ile ikawa hivyo. Laurette alitoa habari ya siku, Mama Josué aliongeza chumvi, Emérence, mwalimu hata akiwa chali, alisahihisha njia: kutoka Mwenga hufiki Bukavu bila kupita Walungu, msiruke. Adélaïde aliuliza. Anakula wapi? Nani amempa mahali pa kulala? Mwenyeji huyo anamwogopa au anamhurumia? Kwa nini? Aligundua kwamba kila jibu lilikuwa limebeba swali mgongoni. Jibu likishuka, swali linabaki limesimama, linangoja. Mchana, akikoroga bugali nje kwenye mbabula, jiko la makaa, alijikuta anawaza yule mtoto mwenye kifungo amekifanyia nini, na yule mpangishaji anamdai nani. Watu hao hakuna aliyewahi kuwaona. Lakini hawakuwa na ngazi za marumaru. Walikuwa na sufuria zilizotoboka, na moshi machoni, na yeye alijua sauti zao.

Hakuandika kwa siri. Alikwenda kukaa kwenye kitanda cha Laurette akaomba ruhusa.

“Nataka nimutie bwana yako mu redio. Ukikataa, naacha.”

Laurette alimwangalia sana. “Mu redio ya Bukavu?”

“Njo ile.”

“Umubadilishe jina. Batu ya kwetu wasiseme najitangaza.” Kisha akamshika mkono. “Na usimuue, Yaya. Hata wasikilizaji wakuombe.”

“Simuui.”

“Hata kama hadithi inakulazimisha.”

“Hata ikinilazimisha.”

Aliandika akiwa ameketi kando ya mahali pa kufulia, kelele za ndoo na maji zimemzunguka, na wanawake wakimwomba asogee. Alizipiga picha karatasi kwa simu, akamtumia Christophe. Nakumbuka siku zilipofika. Christophe alisoma ukurasa wa kwanza amesimama, wa pili ameketi. Halafu akaniita, akaniambia, “Weye unaacha kuwa tonton. Sasa unaitwa Dany, na uko na mbuzi.”

Mawimbi yetu yanapita juu ya ziwa bila kizuizi, na Katana wanatusikia vizuri. Jumamosi hiyo wagonjwa walikusanyika kwenye redio ya Mama Josué, wenye magongo, wenye watoto migongoni, hata wa chumba cha jirani. Emérence alinisimulia kwamba Laurette alisikiliza amefumba macho. Dany alipomvisha mbuzi koti, watu walicheka. Dany aliporudi nyuma njiani kuchukua mwavuli aliousahau, Laurette alifumbua macho akasema, “Hapa hapana. Zagabe harudiake nyuma.” Adélaïde akaondoa mwavuli katika sehemu iliyofuata. Tulipomuuliza sababu, alisema mke wa Dany amekataa.

Zagabe alifika adhuhuri, wakati wanawake wanapika nje. Mtu mrefu, amekonda, suruali imefungwa kwa kamba, mkononi ana nanasi moja. Aliuliza kama ni hapa amelazwa Laurette. Mama Josué alikuwa mlangoni na bandeji yake. Alimtazama juu hadi chini.

“Weye njo Zagabe?”

“Ndiyo, mama.”

“Na mbuzi iko wapi?”

“Mbuzi gani, mama?”

Chumba kizima kilipasuka kwa kicheko. Laurette alilishika tumbo kwa mikono miwili ili mshono usifunguke, anacheka, machozi yanashuka, hawezi kusema hata jina la mumewe. Zagabe alisimama katikati ya vicheko hivyo na nanasi lake, mtu anayedhani ameingia nyumba isiyo yake, mpaka mke wake alipomnyooshea mkono.

Habari yake ya kweli ilikuwa fupi. Alishikwa na malaria kali kule Kamituga, akauza simu apate dawa, akalala kwa mchimbaji mwenzake hadi miguu ilipopata nguvu. Habari ya operesheni aliipata kwa kijana wa Katana aliyefika huko kutafuta kazi, na siku ileile akaanza safari, mara kwa pikipiki, mara kwa miguu.

“Ni vile tu?” Mama Josué aliuliza, kidogo amesikitika.

“Ni vile tu, mama.”

“Sisi tulikupatia ingine ya muzuri kupita.”

“Mumuache,” Laurette alisema. “Huyu wa malaria njo wangu.”

Adélaïde alitoka nje akajifanya anaangalia sufuria. Moshi ulikuwa mwingi, hakuna aliyemuuliza kwa nini anapangusa macho. Aliniambia kwamba hakuwa na huzuni hata kidogo. Alikuwa anamshukuru Mungu kwa mtu aliyefika na nanasi tu, na anawashukuru wanawake wale, kwa sababu walimlisha bila kujua kwamba alikuwa na njaa.

Emérence alitoka hospitalini na gongo moja, leo anatembea bila gongo isipokuwa mvua ikinyesha. Mchezo wa Dany uliendelea hadi msimu wa kiangazi. Dany alifika kwake na mbuzi mzima, na mtoto wa kifungo akapata hadithi yake mwenyewe, kisha mama yake naye. Zagabe hakurudi Kamituga. Analima na mke wake, na mara moja alitupigia simu redioni kulalamika kwamba huyo Dany anavaa viatu vizuri kuliko yeye.

Mwaka uliofuata Adélaïde alikwenda parokiani kuomba misa. Katibu alimuuliza majina ya marehemu.

“Haiko marehemu. Wote bazima.”

“Basi ni ya nini, maman?”

“Ni aksanti.”

Jumapili hiyo padri alisoma nia ya misa kwa utulivu: kwa wanawake wa chumba cha wagonjwa kule Katana, kwa shukrani. Nilikuwa benchi moja na Adélaïde. Hakuinama wala kufumba macho. Aliyapokea maneno hayo amenyoosha shingo, kama mtu anayesikia jina la ndugu yake likisomwa kati ya waliofaulu.

Tulishuka pamoja baada ya misa. Kwenye njia ya mawe tulikutana na baba mmoja anayepanda mlima na mlango mzima kichwani, wa mbao, umepakwa rangi ya kijani, kitasa bado kipo. Watu walikuwa wanampisha na kuendelea. Adélaïde alisimama.

“Papa, jambo. Iyo mulango inaenda wapi?”

Yule baba aliushusha taratibu, akauegemeza ukutani, akajipangusa jasho kwa kofia.

“Inarudi nyumbani,” alisema. “Lakini ni habari murefu.”

Adélaïde akatafuta jiwe lililokauka, akakunja kitenge chake cha misa, akaketi.