Mashine ya mama imeungua leo Madale

Leo nimeunguza mashine ya pumu ya mama, ile ya kuvutia dawa kwa barakoa, kabla hajaitumia hata mara moja.

Dada kaja nayo kutoka Marekani. Miaka sita alikuwa hajafika nyumbani.

Akaniuliza, "Umeme wa huku hauna shida nayo?"

Nikamjibu, "Weka adapta tu, sista."

Na mie ndiye niliyechomeka.

Ikalia pa, moshi ukatoka, basi.

Nyuma imeandikwa volti 120. Umeme wetu ni 230, na adapta inabadilisha pini tu, haipunguzi umeme. Nimeyasoma hayo baada ya kuunguza.

Mama, huku anahema kwa shida, akasema, "Shukuruni sikuwa nimeivaa usoni."

Dada kajifungia chumbani, analia.

Nyie mngemwambia nini? Mie nimesimama mlangoni kwake, sijui nianzie wapi.