Bakuli za Papa na Ndagala wa Sosteni

Harufu ya ndagala, wale samaki wadogo wakavu, walioingia maji hunirudisha kijijini kwetu Bihambwe hata nikiwa katikati ya sala. Mnisamehe nikianza na jambo la kuchefua. Kumbukumbu hii haina mlango mwingine.

Papa, baba yangu Mashako, alikuwa mchongaji. Hakukata mti mbichi. Alitafuta mbao zilizokwisha kufanya kazi: mihimili ya nyumba zilizobomolewa, nguzo za mazizi ya Kirolirwe, mitumbwi mikuukuu ya kukamulia pombe ya ndizi. Mti wa namna hiyo, alisema, umekwisha kulia machozi yake yote, hautapasuka tena. Humo zilitoka miiko na bakuli laini kama shavu la mtoto mchanga. Bei ilikuwa moja: mnunuzi alijaza bakuli maharage ao chumvi, akamimina katika kikapu chetu, kisha bakuli ikawa yake. "Bakuli inauzwa na kile inabeba," Papa alipenda kusema, na watu wa milimani waliona ni haki.

Miaka ile ya vita vya wazungu chumvi ilikuwa adimu. Mama alichuja maji ya majivu ili mboga ipate ladha. Basi Sosteni, aliyeuza katika duka la shamba la mzungu pale Kitshanga, alipotaka bakuli kwa chumvi, tulizibeba mbio, Papa na mimi. Sosteni alitujazia kikapu mwenyewe, nyuma ya pazia, akakifunika kwa majani ya mgomba. Nilipochungulia niliona weupe mtupu. Njia nzima nilichovya kidole nikalamba.

Nyumbani Mama alimimina. Chini ya chumvi kidogo ya juu walikuwa ndagala waliooza, wameshikana kama uji, na funza wanatembea ndani yao. Nikakumbuka kidole changu. Nilitapika palepale, kando ya mafiga.

"Hii iko sumu," Mama alisema. "Tupa."

"Hapana," Papa akajibu. "Funika tena."

Siku ya soko tulirudi. Sosteni alicheka mbele ya wateja. "Papa Mashako, ulisema ijae. Haikujaa?" Wengine wakacheka naye, kwa sababu hakuna aliyetaka ubaya na mtu wa shamba la mzungu.

Papa hakugombana. Aliketi mlangoni mwa duka, akafunua kikapu. Harufu ikapanda hata mbuzi wa jirani wakavuta kamba.

"Sosteni, karibu, kuya tukule. Hii njo chakula ulinipa."

Sosteni akageuza uso. Papa akatia ndagala mdomoni, akatafuna polepole, akameza. Akachukua mwingine. Funza mmoja alinasa kwenye ndevu zake, naye hakumfuta. Kila mama aliyefika kununua alimkaribisha kwa adabu: "Mama, karibu, iko ya duka hii." Wakaziba pua, wakapita. Mmoja alitema mate mlangoni. Jua halijafika utosini, Sosteni alitoka na chumvi safi mikononi. "Papa, nakuomba. Kamata chumvi yako, uende."

Tulikwenda. Njiani Papa aliinama kwenye majani mara kwa mara, na nyumbani aliugua vibaya, nyumba nzima ikanuka. Nami sikumchukia Sosteni. Niliona kinyaa kwa baba yangu mwenyewe. Nilikataa kula naye sahani moja. Akininyooshea tonge, nilitazama ndevu zile, nikasogea mbali. Alianza kula peke yake, akinipa mgongo.

Nilikuwa na watoto wangu ndipo nilipoelewa. Hapakuwa na baraza la kumsikiliza mchongaji akimshitaki mtu wa duka la mzungu. Shahidi aliyekuwa naye ni kinywa chake, akakitumia hadharani, binti yake akitazama. Lakini wakati huo Papa alikuwa amekwisha kufa.

Akili yangu imeelewa. Tumbo langu, hata leo, linakataa.