Mkeka Niliomtandikia Zaituni Akiwa Safarini Brussels

Nitawasimulia, lakini msicheke mbele ya mke wangu, yeye bado hajanisamehe. Siku binti yetu Zaituni alipopanda ndege kumfuata mume wake Brussels, ni mi niliyeukalisha mtaa wetu wote wa Buyenzi kilio.

Asubuhi tulimsindikiza, tukarudi. Nikamuuliza shemeji yangu Ramazani, mwenye telefone ya maana, toka Bujumbura mpaka Brussels ni mbali gani. Akaangalia, akasema kilomita elfu sita na kitu, masaa nane. Mi nikayashika hayo nane kama amana. (Zamani nilikuwa utingo wa lori la Dar es Salaam, najua barabara ndiyo inachelewesha mutu, mashimo, vizuizi, dereva mwenye mwanamke Singida, sasa kule juu kuna shimo gani?)

Masaa nane yakaisha, kimya. Tukapiga, telefone yake imezimwa. Mke wangu akaanza kulia chumbani, na mi, kwa joto la mle ndani, nikachukua mkeka nikautandika mbele ya mlango, nikakaa na tasbihi. Ni hilo tu nililofanya. Lakini kwetu mzee akikaa mkekani mlangoni, na ndani mwanamke analia, hakuna anayeuliza.

Wa kwanza alikuwa jirani yetu fundi magari. Akavua viatu, akanishika mkono.

"Pole, mzee. Kazi ya Mungu."

Nikajiambia huyu ana redio gereji kwake, amesikia ndege imeanguka, mi sijasikia. Niliogopa kumuuliza, naye kwa adabu hakuniuliza nani amefariki. Akaja wa pili, wa tatu, na kila pole ikazidi kunithibitishia. Mama Neema wa Bukavu, muuza ndagala, wale dagaa wa ziwani (yeye ni mutu wa kanisa, lakini msibani hakosi), akaleta sufuria ya chai na wenzake, wakaingia ndani, mke wangu kuwaona akapiga ukelele, basi na mi machozi yakatoka. Shehe wa mtaa naye akafika, akaanza Yasini.

Katikati ya kisomo telefone yangu ikalia, Ramazani akaifungua sauti wote wasikie.

"Baba, niko Addis Ababa, tunangoja ndege ya pili, betri iliniishia. Mbona mnasoma? Nani amekufa?"

Watu wote wananitazama.

"Wewe, mwanangu."

Ramazani akasema polepole, "Shemeji, mi nilikupa masaa ya njia iliyonyooka. Habari za kushuka njiani hukuniuliza."

Shehe akafunga msahafu, akauliza dua sasa aielekeze wapi. Mama Neema akasema, "Bwana asifiwe, lakini chai mutakunywa, mi sirudi nayo."

Zaituni alifika salama kesho yake. Ameniapia kuwa akija kututembelea hatasema siku wala saa, tutasikia hodi tu. Nimekubali, na masaa ya ndege sihesabu tena. Ila kila ikipita moja juu ya Buyenzi, naacha ninachofanya, nasimama mpaka ipotee.