Kubweka kwa Bijou

Albert alifika kwa Henri asubuhi, Florentine mkewe Henri akiwa anasonga ugali wa muhogo, na hakusogelea meko wala hakutaka kiti. Alisimama uani na rungu lake la kuwindia, akamtazama Bijou, mbwa aliyelala kando ya mlango.

"Henri, ndugu yangu," alisema, "mi sina vita na we. Lakini siku ya posho tunarudia nyavu. We ulete wako, na mbwa uilete. Ikibweka tena mu mbio, mi mwenyewe nitaimaliza, palepale. Na kama hauileti, usitoke na sisi tena."

Akaenda zake. Ilikuwa Jumanne, na posho kwa watu wa huku ni Jumamosi. Siku nne, basi.

Asiyejua uwindaji atauliza: mbwa kubweka ni kosa gani? Si ndiyo kazi aliyopewa na Mungu? Tumweleze taratibu, maana wajuaji ni wengi. Katika milima iliyo juu ya Baraka, mbwa wa kuwinda hukimbia kimya. Kinachosema ni kengele yake, kengele ya mti, kubwa kama ngumi mbili, inayofungwa shingoni. Wakati wa kwenda porini hujazwa nyasi ili isilie. Mbwa akishaachiwa, mwenye mbwa huzichomoa zile nyasi, na hapo wawindaji wote, huyu kwenye nyavu na yule ng'ambo ya bonde, hujua kwa masikio mnyama anasukumwa wapi. Mbwa anayebweka akikimbiza huitwa mwongo. Wengine husema mnyama hamwoni, anatafuta sifa tu. Wengine husema ni woga. Wengine husema ni damu ya kule ziwani, ya mbwa waliozoea kubwekea maboti na akina mama wenye samaki. Kila mzee ana jibu lake, na sijasikia aliyetaka kumuuliza mbwa.

Henri alikuwa na miaka sitini na mmoja. Wavu wake ulifumwa na marehemu baba yake, na kwa miguu yake mwenyewe, alipokuwa kijana, aliwahi kumkimbiza paa kutoka mto Mutambala hadi mgongoni mwa mlima. Msimu mmoja alikwenda Misisi kuchimba dhahabu, akarudi na kikohozi, akaapa kwamba shimo na mtu aliye hai havipatani. Akamwoa Florentine, wakamzaa Espérance, ambaye leo ameolewa Ubwari na huja kwa boti mara moja kwa mwaka, ziwa likikubali. Kisha vita vikawashusha Baraka na magodoro kichwani. Siku ya kukimbia, Henri alianguka kutoka kwenye lori, na goti lake la kulia halikunyooka tena.

Toka hapo mbwa ndiye aliyekuwa miguu yake. Sheria ya wawindaji ni moja: mwenye mbwa hupewa shingo na mkono mmoja wa mnyama hata kama hakurusha mkuki. Nyama hiyo Florentine aliikausha, nusu wakaila, nusu akaibadilisha kwa unga. Shamba lao la mlimani walikuwa wakiliona kwa mbali tu, kama mtu anavyoiangalia nyumba aliyonyang'anywa. Kwa hiyo Albert aliposema mbwa atakufa, Florentine alielewa vizuri kilichosemwa. Aliendelea kusonga ugali, ila mwiko ulikuwa unagonga sufuria bila sababu.

Bijou alipatikana akiwa mtoto, mkubwa kama kiatu, kwa Mahmudu mwenye maboti. Alizaliwa miaka ileile ambayo watu wa bunduki walijaa msituni, na wawindaji wakakaa chini wakakubaliana jambo ambalo babu zao wangelishangaa: kengele zisifunguliwe. Nyasi zibaki ndani toka mwanzo hadi mwisho. Heri kumpoteza mnyama kuliko kujipoteza wenyewe. Kwa hiyo Bijou alivaa kengele toka udogoni na hakuisikia hata siku moja.

Naye alibweka. Mara nyingine alikimbia kimya kabisa, mara nyingine alibweka hadi bonde likaitikia. Kwa muda mrefu lilikuwa jambo la kuchekesha, na Henri alitaniwa kwamba amefuga padri. Utani ulikoma siku waliyomkosa Vainqueur.

Vainqueur alikuwa mtoto wa kwanza wa Albert, kijana wa miaka ishirini na mitatu, na ndiye aliyekimbia nyuma ya Bijou kwa sababu goti la Henri halikuweza. Siku hiyo, wiki sita zilizopita, Bijou aliachiwa, Vainqueur akamfuata, wakamezwa na magugu. Kimya kirefu. Kisha mbwa akaanza kubweka, na akabweka, na akabweka. Wanaume wote walilala kifudifudi kwenye majani, Henri naye. Mwisho Henri alitambaa peke yake hadi kwa mbwa akamnyamazisha. Waliposubiri vya kutosha wakatafuta, wakakuta kandambili moja, na nyayo za viatu vizito zikielekea juu. Vainqueur alikuwa amechukuliwa, pengine kubeba mizigo, pengine kwa lile ambalo hakuna aliyelitamka. Hadi leo hakuna habari. Albert alisema kubweka kwa mbwa ndiko kulikowaita wale watu, na hakuna aliyembishia. Henri hakubisha pia. Na angebisha kwa lipi? Sauti kila mtu aliisikia.

Siku hizo nne Henri alihangaika kama mtu aliyeungua. Jumatano alimpaka Bijou pilipili puani, dawa ya wazee ya kumkaza mbwa asibweke, na mbwa akapiga chafya siku nzima. Alimfunga mdomo kwa kamba akamkimbiza barabarani. Ulimi haukupata pa kutokea, na hatua mia mbili mbele mbwa akaanguka, macho yamegeuka. Henri alikata kamba kwa meno. Alhamisi alichechemea hadi pwani kwa Mahmudu kuuliza habari za ukoo.

"Baba yake?" Mahmudu alicheka. "Mzee Henri, baba yake ile mbwa hata mwizi alikuwa anamuangalia tu. Alikuwa bubu! Na mama yake hivyohivyo."

Mtu mwingine angefurahi. Henri alirudi amevunjika zaidi, maana kama si damu, basi ni nini? Aliketi kizingitini akamwambia mkewe kwamba ameshindwa, kwamba Jumamosi atampeleka mbwa, na baada ya hapo watakula sombe tupu, majani ya muhogo bila nyama, hadi kufa, na kufa kwenyewe hakutachelewa. Aliyasema hayo akilia, na hakujificha.

Florentine alimwacha alie. Kisha akasema, "Baba Espérance, nenda nyuma ya nyumba. Simama kule, usikohoe."

"Kufanya nini?"

"Nenda tu."

Alikwenda. Florentine alisukuma gunia la muhogo mkavu, panya akatoka, na Bijou akamrukia. Henri alimsikia akibweka uani, mara tatu, nne, kwa sauti ileile ya porini.

"Sasa rudia hapa," Florentine aliita. "Kaa mbele yake."

Haikupita muda panya mwingine akatoka, kwa maana panya wa Baraka hawana uhaba. Bijou alimkimbiza kuzunguka uwanja mzima, akapita kwenye miguu ya Henri, akamuua. Hakutoa hata mgumio.

"Mi namuangalia toka zamani," Florentine alisema. "Akikuona, ananyamaza. Akikukosa nyuma yake, anaita. Mumemuziba kengele, we unataka aseme na nini?"

Hasira ilimpanda Henri, hasira ya mwindaji aliyefundishwa mbwa na mtu ambaye hajawahi kushika wavu, halafu ikashuka. Jioni hiyohiyo alikwenda kwa Albert kuomba kengele ifunguliwe, kwa Bijou tu, kwa siku moja tu. Albert alijibu akiwa ndani, bila kufungua mlango, kwamba makubaliano ni makubaliano, na kwamba kengele ya Henri haikumhusu, kilichomhusu ni mtoto wake.

Ikabaki njia moja, na ilikuwa ya kijinga. Mbwa ananyamaza akimwona mtu wake nyuma. Basi mtu wake atakuwa nyuma. Florentine aliposikia alisema, "Na ile goti?" Henri alimwambia alifunge kwa kitambaa, alikaze sana.

Jumamosi walipanda wanaume saba, jua likiwa bado changa. Nyavu zilitandazwa ukingoni mwa matete, mahali simbiliki, wale panya wakubwa wa matete, wanapojificha na kunenepa kwa mihogo ya watu waliokimbia. Albert alisimama karibu na Henri, rungu begani. Hakumwangalia mbwa. Henri alimfungua Bijou kamba, akamshika kichwa kwa mikono miwili, akamwachia, na yeye mwenyewe akaanza kukimbia.

Wenzake walidhani amerukwa na akili. Mzee wa miaka sitini na mmoja, mguu mmoja ukiruka na mwingine ukiburuzwa, akipasua matete kwa uso! Lakini ilifaa. Bijou aliinua simbiliki mnono, akageuza shingo mara moja, akamwona bwana wake, akaendelea kimya. Akageuza tena, akamwona tena. Maumivu ya goti yalipanda hadi kwenye meno, na Henri alikimbia. Alikuwa akimwambia mbwa moyoni, niangalie, mama, niko hapa, niangalie. Alivuka kijito. Alipanda kichuguu. Na alipokuwa akishuka upande wa pili goti lilikataa, kama mlango unavyokataa, akaporomoka ndani ya korongo lililofunikwa na magugu.

Alilala chali, haoni kitu isipokuwa majani. Akaomba. Kisha akasikia kule mbele: hau. Hau. Hau.

Bijou amekwisha. Alifumba macho, akiwaza rungu la Albert. Lakini masikio ya mwindaji hayajui kupumzika, na kadiri Bijou alivyozidi kubweka ndivyo Henri alivyoanza kuona kuna kitu hakiendi sawa. Sauti haikusogea. Mbwa anayekimbiza huhama na sauti yake. Huyu alikuwa amemwacha mnyama aende, amesimama mahali pamoja, anaita. Na sauti hiyo, iliyosimama hivyo, Henri aliwahi kuisikia siku moja tu maishani mwake.

Alijiinua kwa viwiko.

"Bijou!" alipiga kelele, yeye, mwindaji, katikati ya uwindaji. Kubweka kulikatika papo hapo. Muda si muda mbwa aliteremka korongoni akihema, akamlamba uso, akalala kifuani pake. Nyuma yake akateremka Albert, rungu limeinuliwa.

"Sogea, Henri."

"Baba Vainqueur, ngoja."

"Nilikuambia. Sogea."

Henri alimkumbatia mbwa. Alijua sasa la kumwokoa Bijou, na alijua neno hilo litamfanya nini mtu huyu aliyesimama juu yake. Kwa muda alitamani asingejua. Halafu akasema.

"Umeisikia? Ilibweka mahali pamoja. Haikukuwa mbio. Ilinikosa nyuma, ikasimama kuniita. Nilipojibu ilinyamaza."

"Na kisha?"

"Na siku ile. Kumbuka vizuri. Siku ile nayo ilibwekea wapi?"

Rungu lilibaki juu.

"Mahali pamoja," Henri alisema. "Ilianza kimya, kwa sababu Vainqueur alikuwa nyuma yake. Ikageuka, haikumuona. Haikuita bale batu ya bunduki, Albert. Ilikuwa inamuita mutoto."

"Unasema walikuwa wamekwisha kumubeba."

"Ndio. Lakini hawakukuwa mbali."

"Na sisi tulilala mu majani."

"Tulilala."

Rungu lilishuka polepole hadi likagusa ardhi. Albert alipiga magoti, akaishika kengele ya Bijou, akaanza kuzichomoa nyasi kwa kidole kimoja. Zilikuwa nyasi za miaka mingi, zimekauka na kushikana, zikatoka vipande vipande. Alipomaliza aliitikisa kidogo. Ikalia. Bijou aliinua masikio, akageuza kichwa huku na huku akitafuta ni nani aliyesema.

"Iliita kwa muda gani?" Albert aliuliza, bado ameishika kengele. "Siku ile."

Henri angeweza kusema kidogo tu. Mbwa alikuwa amekwisha kupona, na uongo huo usingemgharimu chochote.

"Ingeita mpaka leo," alisema. "Mi ndiye nilienda nikaifunga mudomo."

Albert aliinamisha kichwa hadi kikagusa mgongo wa mbwa. Alilia hapo, mabega yakipanda na kushuka, bila kutoa sauti, kwa sababu msitu bado ulikuwa na watu wake.