Salamu za Mkwe Hewani

Dzombo wa Bongwe alikuwa na adabu, tena adabu ya kupindukia. Mwaka 1965, alipokabidhiwa simu ya upepo ya wilaya pale Kwale, ni yeye aliyewafundisha wenziwe sheria: mataifa yamekaa yakagawana mawimbi ya hewani, na sisi huku tumepata wimbi moja tu, la ofisi, la machifu na la gari la wagonjwa pia. Mmoja akisema, wengine wote hawasikiki. Basi sema mafupi, umwachie mwenzako. Aliyasema hayo kifua mbele.

Asubuhi moja ya masika akaingia hewani mkwewe, Mzee Chirau, chifu wa upande wa Funzi. Haya sasa, nani wa kumkatiza baba mkwe? Dzombo akasimama wima mbele ya mashine, utadhani mzee anamwona, akaamkia. Akaulizwa hali ya mke, ya watoto mmoja mmoja, kikohozi cha kitinda mimba, mahindi, mbuzi. Naye akarudisha yote. Katikati kulikuwa na sauti ikikwaruza. Aliisikia, wallahi aliisikia, na alijua kuna mtu anaomba nafasi. Akaona haya kumwambia mkwe anyamaze. Dirishani, gari pekee lililobaki ofisini lilikuwa likishuka mlima kwenda Kombani.

Salamu zilipokwisha ndipo Wambua, dereva wa gari la wagonjwa, alipopata kusema: amezama topeni karibu na Ramisi, ana mama mwenye uchungu, aletewe gari jingine. Gari lenyewe ndilo lile lililokwisha kuondoka. La pili lilipatikana alasiri. Kahaso, yule mama, alipona, mtoto hakupona.

Wambua aliandika tu kwamba wimbi lilikuwa na shughuli. Hakuna aliyeuliza shughuli gani, na Dzombo, maskini ya Mungu, hakusema. Aibu ilimtafuna hata mkewe akimtaja baba yake, yeye hutoka nje.

Arubaini ilipopita, Kahaso akapanda Kwale kumshukuru aliyemtumia gari. Akamwamkia, akamuuliza mke, watoto, wakwe. Dzombo akajibu yote. Kisha Kahaso akangoja naye aulizwe ya kwake, maana ndiyo adabu.

"Mama," Dzombo akasema, "gari lenu lilipokuwa likiita, mimi nilikuwa nasalimiana na mkwe."

Kahaso akajitanda leso yake, akatoka bila kuaga.