Mtihani wa Masikio

Juzi mjukuu wangu kanijia na simu yake mkononi, eti nimshikie muda anapojipima kwa mtihani wa kuingia jeshini. Nikamwambia, mutoto wangu, tafuta mutu mwingine. Akadhani nimechoka. Sikuchoka hata kidogo. Kazi hiyo niliwahi kuifanya nikiwa mtoto, na nakuhadithia wewe kwa sababu yeye hana subira.

Tulikaa rive gauche, ng'ambo ya mji, sisi watu wa samaki na lokole. Lokole ni gogo lililochimbwa tumbo, lenye midomo miwili: mmoja una sauti ya juu, mwingine ya chini. Kwa sauti hizo mbili wazee walisema lolote kwa lugha yetu: fulani amejifungua, mtumbwi umezama, njooni. Kila mtu alikuwa na jina lake la lokole, refu, lenye baba na babu ndani yake. Tuliitwa chakula tukiwa mbali majini, tukarudi mbio, maana pondu, yaani kisamvu, ya koko, bibi yetu, ilinukia mawese mpaka ufukweni. Jamani, wali wa siku hizi hauna hata harufu.

Uhuru ulikuwa umeingia na wazungu wa simu ya upepo, redio ya jeshi, wameondoka. Jeshi likatafuta vijana wa kukaa kwenye mitambo, na kaka yangu mkubwa akaitaka kazi hiyo kwa moyo wote. Mwalimu, jirani yetu, alimweleza kwamba mtihani wenyewe ni wa masikio: utasikilizishwa milio, mifupi na mirefu, na utasema ipi inafanana. Mtambo wa kujifunzia tutaupata wapi? Mwalimu akasema, bon, tumieni lokole ndogo ya nyumbani. Sauti ya juu iwe mlio mfupi, ya chini iwe mrefu. Basi kila alasiri kaka alikaa amenipa mgongo, nami nikagonga kama mwalimu alivyonichorea kwa mkaa ukutani.

Mwanzoni kaka alishindwa vibaya. Kila nilichogonga, yeye alisikia maneno. “Umesema mukeka,” ananiambia. “Sasa umesema mamba.” Mwalimu aliwaka. “Hapana kusikia maneno! Maneno haiko! Sikia mulio tu.” Kaka akajikaza, siku baada ya siku, mpaka maneno yakamtoka masikioni na ukabaki mlio. Tulifurahi, sisi wajinga.

Alasiri moja, jua kali, koko akitwanga pondu uani, mchi wake ukasimama ghafla. Nikaendelea kugonga. Akaja akanishika mkono, na mkono wake ulikuwa wa baridi kwenye joto lile. Akauliza nani amenifundisha. Nikasema hakuna, nafuata ukuta. Kumbe nilikuwa nimepiga kile kilio kinachotangaza maiti, na nyuma yake jina la kaka yangu, lote, mpaka babu. Mwalimu hakuwa mtu wa kwetu, hakujua jina hilo. Mpaka leo sijui mkaa wake uliandika nini.

Desturi ilikuwepo. Mtu akililiwa kwa makosa, anashika mwenyewe gogo lilelile na kujibu: niko hai, niko hapa. Koko alimpa kaka vijiti. Kaka akarudisha mikono nyuma.

“Koko, nikijibu, maneno itarudia mu masikio. Mutihani iko kesho.”

“Jibu, mutoto wangu.”

Hakujibu. Koko akalia waziwazi kama mtoto. Kesho yake kaka alifaulu kuliko wote, akapewa mtambo katika kambi ya jeshi, ng'ambo mjini.

Kisha uasi ukaja. Siku waasi walipokaribia mji, papa, baba yetu, alisimama ufukweni akapiga lokole kubwa mpaka mikono ikatoka damu: jina la kaka, rudi, mtumbwi unakungoja, rudi. Maji hubeba sauti vizuri. Kambi yote ilisikia. Mpishi wa kambi, mtu wa kwetu, aliacha sufuria motoni akakimbilia mtoni. Ndiye aliyetusimulia. Alipita dirishani kwa kaka, akampungia mkono: twende! Kaka akadhani anasalimiwa, akapunga naye. Kisha akamuuliza mwenzake wa mtambo hiyo kelele ya ng'ambo ni ya nini, akavaa vyuma vyake vya masikio. Hatukumwona tena.

Majirani walisema sikio la kufa halisikii dawa. Methali hiyo isitamkwe mbele yangu. Sikio lile lilikuwa zima, tulilifundisha sisi.

Siku hizi lokole hupigwa harusini, na anayepiga hajui anasema nini. Mwezi uliopita, katikati ya vifijo, gogo likaanza kile kilio cha maiti, barabara, bila kukosea. Vijana wakashangilia, wakaingia kucheza na bibi harusi wao. Mji mzima sasa una masikio ya kaka yangu. Nilibaki nimeshika kiti, peke yangu, nikingoja nisikie jina la nani.